*HOTUBA YA KATIBU WA TAWI: AKIBA ISIYOJARIBIWA SI AKIBA*

_Kwa wanachama wote wa Tawi la Uingereza, hasa ambao hamkuweza kufika mkutanoni_



Mnaikumbuka Jumatatu ya tarehe 28 Agosti 2023. Ilikuwa siku ya mapumziko hapa Uingereza, viwanja vimejaa. Kompyuta inayopokea mipango ya safari za ndege ikazimika, na abiria zaidi ya 700,000 wakaathirika. Kwetu tulio mbali na nyumbani, ndege ikikwama mzazi anaweza kuzikwa haupo.

Chanzo kilikuwa nini? Ndege moja ilitoka Los Angeles kwenda Paris. Mpango wake ulitaja vituo viwili vyenye alama moja, DVL: kimoja Devils Lake, Marekani, kingine Deauville, Ufaransa. Mfumo ukashindwa kuvitofautisha, ukajizima ili usiwape waongozaji wa ndege taarifa za makosa. Wa akiba ukashika zamu, ukapokea mpango uleule, nao ukajizima. Sekunde 20 hivi, yote mawili chini. Akiba ilikuwa pacha: programu ileile, kosa lilelile.

Ndege zilizokuwa angani zilibaki salama. Lakini mipango ikaanza kuingizwa kwa mkono, isiyozidi 60 kwa saa, wakati mashine hupokea mamia. Fundi wa zamu alikuwa nyumbani. Kuuwasha upya kwa mbali hakukuwezekana, ikabidi asafiri hadi kituoni, saa moja na nusu. Mtengenezaji wa mfumo alitafutwa baada ya zaidi ya saa nne.

Marekani nako, tarehe 11 Januari 2023, mafundi walifuta mafaili kwa bahati mbaya wakilinganisha hifadhi kuu na ya akiba. Ndege za nchi nzima zikazuiwa kuruka kwa muda.

Ndugu zangu, sisemi haya kuwacheka wenyeji wetu. Wao walichunguza na ripoti ikatolewa hadharani. Swali ni sisi tunajifunza nini.

Kamati inapendekeza tupeleke hoja Makao Makuu: kabla ya kununuliwa mfumo wowote wa kuongoza ndege nyumbani Tanzania, yajibiwe maswali matatu mbele ya umma:

*1.* Mfumo wa akiba unatofautiana na ule mkuu, au ni pacha wake?

*2.* Ukizimika usiku wa sikukuu, fundi atafika baada ya dakika ngapi, na mtengenezaji atapigiwa simu saa ngapi?

*3.* Kazi ya mkono ilifanyiwa mazoezi lini, na itahudumia ndege ngapi kwa saa?

Asiye na majibu asipewe fedha ya wananchi.

Leteni maoni yenu kwa Katibu kabla ya Ijumaa jioni, ili hoja iende ikiwa ya tawi zima. Wanaofanya kazi viwanja vya ndege, tunawahitaji zaidi.

Tahadhari kabla ya hatari.