Nahau za Kiingereza katika Kiswahili cha Ofisini: Taswira, Maana na Haki ya Msomaji



1.0 Utangulizi

Katika mikutano ya kazi, barua za kiofisi na matangazo ya waajiri, semi za namna hii zimekuwa za kawaida: "mwisho wa siku tutafikia malengo", "tuwe katika ukurasa mmoja", "sasa mpira uko upande wako". Maneno ni ya Kiswahili na sarufi haina kasoro. Hata hivyo, msomaji asiyejua Kiingereza hubaki akijiuliza ni ukurasa wa kitabu gani unaozungumziwa. Semi hizi ni nahau za Kiingereza zilizotafsiriwa sisisi, yaani neno kwa neno. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba tatizo la semi hizi si ugeni wake. Tatizo ni kwamba baadhi yake hubeba taswira ambayo msomaji wa Kiswahili haioni, au huiona kinyume.

2.0 Nahau na kazi iliyoizaa

Nahau huzaliwa pale watu wanapofanya kazi, kucheza, kusafiri na kuteseka. Waingereza husema kwamba mfanyakazi mgeni "anajifunza kamba" kwa sababu baharia wa merikebu za matanga alilazimika kuijua kila kamba na kazi yake. Husema "mstari wa chini" wakimaanisha jambo la msingi, kwa kuwa katika daftari la hesabu faida au hasara huandikwa chini kabisa. Urasimu huitwa "utepe mwekundu" kutokana na utepe uliotumika kufungia majalada ya serikali.

Asili nyingine ni ya kusikitisha. Neno ambalo Kiingereza hulitumia kwa tarehe ya mwisho ya kukamilisha kazi, ambalo kisisisi ni "mstari wa mauti", lilitumika katika magereza ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Katika kambi ya Andersonville, jimboni Georgia, mwaka 1864, mfungwa aliyeuvuka mstari huo alipigwa risasi. Katika karne ya 20 neno hilo lilishika mizizi katika vyumba vya habari, kisha likaenea maofisini. Nayo nahau ya "kurudi kwenye ubao wa michoro" ilipata umaarufu kutokana na kibonzo cha Peter Arno katika jarida la The New Yorker mwaka 1941, kinachomwonyesha mhandisi akiondoka mahali ilipoanguka ndege.

Mwingereza wa leo hakumbuki merikebu wala gereza anapotumia semi hizo. Jamii yake imezizoea kwa vizazi, taswira imefifia na maana imebaki. Mswahili anayezipokea kwa tafsiri sisisi hupata taswira peke yake, bila mazoea hayo.

3.0 Nahau inapohama

Nahau zinazohamia Kiswahili zinaweza kugawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la zile ambazo taswira yake inaonekana na kila mtu. Usemi "kuchukua hatua" unalingana neno kwa neno na wa Kiingereza, lakini haumkwazi msomaji, kwa kuwa kila mwenye miguu anajua hatua ni nini.

Kundi la pili ni la zile zisizoeleweka kabisa. "Mstari wa mauti" katika tangazo la kazi ungewatisha waombaji. Watumiaji wa lugha waliliona hilo mapema, na kwa hiyo "tarehe ya mwisho" ndiyo iliyotamalaki. Kundi hili halina hatari kubwa, maana asiyeelewa huuliza.

Hatari iko katika kundi la tatu: nahau zinazoeleweka, lakini kwa maana nyingine. Tuseme msimamizi anawaambia vibarua: "Mwisho wa siku kila mtu atalipwa haki yake." Yeye amekusudia "hatimaye". Lakini kibarua ni mtu wa ujira wa kutwa, na jina lake lenyewe limetokana na barua ndogo aliyopewa kuthibitisha kazi yake. Kwake yeye mwisho wa siku ni jioni, na jioni hiyo atakwenda kudai fedha zake. Msimamizi atamwona mkorofi, naye atamwona msimamizi mwongo, ilhali wote wawili wamesema kweli.

Mfano wa mpira ni wa aina hiyo hiyo. Nahau ya Kiingereza inatokana na tenisi, ambamo mpira ukiwa upande wako ni zamu yako kuupiga. Afrika Mashariki, mpira bila maelezo zaidi ni kandanda, na katika kandanda mpira ukiwa upande wako, lango lako limo hatarini. Mfanyakazi anayeandikiwa hivyo wakati wa shauri la nidhamu anaweza kusoma tishio mahali ambapo mwandishi amempa nafasi ya kujieleza.

4.0 Hazina iliyopo

Haifai kudhani kwamba Kiswahili kimekosa nahau za kazi. Mambo yakiharibika, huenda mrama kama chombo kinachoyumba baharini. Anayeongoza ameshika usukani, na anayejitolea kwa bidii amefunga kibwebwe. Mwananchi anayetupwa kutoka dirisha moja hadi jingine hupigwa danadana, na anayeahirishiwa kila mara hupigwa kalenda. Mwalimu Julius Nyerere alipoacha urais mwaka 1985, Watanzania walisema ameng'atuka, neno lililotoka Kizanaki.

Mifano hii inadhihirisha kwamba Kiswahili hukopa bila haya. Danadana ni ya uwanja wa kandanda, mchezo uliokuja na wageni. Kalenda nayo ni neno la mkopo. Lakini aliyeziunda nahau hizo alitazama maisha ya wasikilizaji wake, na ndiyo sababu hazihitaji mfasiri.

5.0 Hitimisho

Suala hili limepata uzito zaidi tangu mwaka 2021, Tanzania iliporekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Barua ya ajira, onyo au notisi ya kuachishwa kazi inaweza kusomwa mbele ya hakimu, na neno moja likaamua riziki ya mtu. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba mwandishi wa ofisini ajiulize mambo matatu: je, msomaji anaiona taswira? Je, Kiswahili hakina usemi wake? Je, maneno yakichukuliwa kama yalivyo, nani ataumia? Katika hati yenye nguvu ya kisheria, "hatimaye" na "sasa ni zamu yako kujieleza" hutosha.

Wanafunzi wa tafsiri wanayo kazi ya kukusanya semi hizi na kuzipima kwa wasomaji wa kawaida: makarani, madereva, wahudumu na vibarua. Hao ndio wanaobeba gharama ya nahau isiyoeleweka, na ndio ambao mara nyingi hawaulizwi.