Msumeno wa Mnyororo Uendeshwao kwa Umeme

Mwaka 1926 Mjerumani Andreas Stihl aliunda msumeno wa mnyororo wa umeme, mzito, wa kushikwa na watu wawili. Wa leo mtu mmoja huuchukua, wala hautoi moshi, na kwa sababu hiyo wengi hudhani ni mchezo.

Waya uwe nyuma yako daima, mbali na meno. Ukiwa mrefu na mwembamba, nguvu ya umeme hupunguka njiani, nayo mota huweza kupata moto hata ikaungua. Mvua ikinyesha, acha kazi.

Lakini hatari iliyo kubwa ni ncha ya upanga, yaani lile bapa lizungukwalo na mnyororo. Sehemu ya juu ya ncha ikigusa gogo au tawi, meno hukwama ghafula, na msumeno huruka kumwelekea aliyeushika, upesi kuliko awezavyo kukwepa. Basi ushike kwa mikono miwili, vidole gumba vikizunguka vipini. Simama kando kidogo ya upanga, wala usikate juu ya mabega.

Kabla ya kugusa mnyororo, chomoa waya. Kuzima swichi tu hakutoshi. Mnyororo uliolegea huchopoka, na uliokazwa mno hula upanga. Chungua mafuta yake mara kwa mara. Meno hunolewa kwa tupa ya mviringo, na dalili ya ubutu haifichiki: msumeno mkali hutoa vipande vya mti, ulio butu hutoa unga.