Shamba la Naboti na vita vya Guatemala



Wapendwa wasikilizaji, baba na mama, vijana wetu, nanyi mnaosoma karatasi hii kwa sababu siku ile umeme ulikatika na redio ikanyamaza, nawasalimu wote katika Bwana.

Somo letu linatoka katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mnalijua. Mfalme Ahabu anatamani shamba la mizabibu la Naboti kwa kuwa liko karibu na nyumba yake. Naboti anakataa, maana ni urithi wa wazee wake. Mfalme anarudi nyumbani, analala, anageukia ukuta, anakataa kula. Ndipo mke wake Yezebeli, binti wa mfalme wa Sidoni, mtu wa nchi nyingine, anaingia katika shauri hilo. Anaandika barua, anazitia muhuri wa mfalme, anazituma kwa wazee wa mji.

Mara nyingi sisi mapadri tunamaliza mahubiri hapo: Yezebeli mbaya, Ahabu dhaifu, basi. Leo naomba tukae kidogo na wale waliopokea barua. Maandiko yanasema wazi kwamba waliishi na Naboti katika mji mmoja. Walimjua yeye na watoto wake. Labda walikwisha kula zabibu zake. Wala hakuna hata mmoja aliyerudisha barua ile. Walitafuta mashahidi wawili wa uongo, wakamtoa Naboti nje ya mji, wakampiga mawe hata akafa. Yezebeli hakugusa jiwe.

Nataka kueleza jambo hili kwa habari za nchi iliyo mbali, Guatemala, katika Amerika ya Kati. Msiseme padri amepotea njia. Jina hilo lilikwisha kufika kwetu kwa damu. Tarehe 23 Januari 2006, wanajeshi nane wa Guatemala waliokuwa katika jeshi la MONUC waliuawa katika mbuga ya Garamba, wakati wa kuwatafuta waasi wa LRA. Walikufa mbali na mama zao kwa ajili ya usalama wetu, na ni haki tuwaombee. Walikuwa wa kikosi kinachoitwa Kaibiles. Na kwao, jina la kikosi hicho linawatetemesha wanakijiji hadi leo. Tuone sababu.

Sehemu kubwa ya watu wa Guatemala ni Wamaya. Ni watu wa kale, wenye lugha zaidi ya ishirini: K'iche', Q'eqchi', Ixil, Achi na nyingine. Chakula chao ni mahindi, kama sisi na bugali yetu, na masimulizi ya wazee wao yanasema mwanadamu wa kwanza alifinyangwa kwa unga wa mahindi. Mtu wa namna hiyo ukimnyang'anya shamba, umemnyang'anya zaidi ya shamba. Wahispania waliwanyang'anya, kisha wenye mashamba makubwa ya kahawa wakaendelea.

Mwaka 1952, rais Jacobo Árbenz, aliyechaguliwa na watu, alitoa sheria ya kugawia maskini ardhi ambayo matajiri waliiacha bila kulimwa. Karibu familia 100,000 zilipata kitu. Kati ya wenye ardhi iliyolala kulikuwa na kampuni kubwa ya ndizi ya Marekani, United Fruit. Serikali ilisema italipa kwa bei ambayo mwenye ardhi mwenyewe aliiandika katika karatasi za kodi. Kampuni ikalia kwamba bei ni ndogo mno. Na nani aliyeiandika? Yenyewe, ili ilipe kodi kidogo. Ningecheka kama mwisho wake usingekuwa makaburi.

Huko Washington waziri wa mambo ya nje alikuwa John Foster Dulles, na mkubwa wa CIA alikuwa ndugu yake, Allen Dulles. Wote wawili walikwisha kufanya kazi katika ofisi ya wanasheria iliyokuwa ikihudumia kampuni ile. Wakasema Árbenz ni mkomunisti. CIA ikatafuta mwanajeshi, Castillo Armas, ikampa watu, silaha, ndege na redio ya kutangaza uongo. Mwezi wa Juni 1954 akaingia kutoka Honduras, na tarehe 27 Árbenz akajiuzulu. Ardhi ikarudishwa kwa wenye nguvu. Allen Dulles huyohuyo, Agosti 1960, ndiye aliyetuma telegramu Léopoldville kuagiza kwamba kumwondoa Lumumba ni kazi ya haraka na ya kwanza. Muhuri ni ule ule, wapendwa.

Na hapa sina budi kusema kitu kinachoniuma. Kabla ya mashambulizi, mwezi wa Aprili 1954, Askofu Mkuu wa Guatemala, Mariano Rossell y Arellano, aliandika barua ya kichungaji akiwaita waamini wainuke dhidi ya ukomunisti. Barua ilisomwa makanisani. Wanaotaka kumwona Yezebeli nje tu ya Kanisa, waisome historia hiyo tena.

Vita vilianza mwaka 1960 na vilidumu miaka thelathini na sita, hadi amani iliyotiwa sahihi tarehe 29 Desemba 1996. Marekani iliwafundisha wanajeshi na watu wa ujasusi, ikatoa silaha na fedha. Msaada wa Washington ulipopungua baada ya mwaka 1977, Israeli ikauza bunduki za Galil na ndege za Arava. Upande wa waasi, Kuba iliwasaidia na kuwafundisha. Hakuna aliyekosa rafiki wa mbali. Tume ya ukweli iliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa ilisema mwaka 1999 kwamba waliouawa na kupotezwa walizidi 200,000. Katika wale waliotambuliwa, 83 kwa mia walikuwa Wamaya. Makosa 93 kwa mia yalifanywa na jeshi la serikali na wasaidizi wake, na 3 kwa mia na waasi. Tume ikasema kwamba kati ya 1981 na 1983, katika sehemu nne za nchi, serikali ilitenda matendo ya mauaji ya kimbari juu ya Wamaya.

Mwaka 1982 mtawala alikuwa jenerali Efraín Ríos Montt. Alikuwa mhubiri. Kila Jumapili alihubiri katika televisheni juu ya familia na maadili mema, wakati vijiji vya Waixil vikiteketezwa. Mwezi wa Desemba mwaka ule rais Reagan alikutana naye Honduras, akamsifu, akasema anasingiziwa. Sisi tunaopewa mikrofoni tukumbuke Jumapili zile.

Sasa sikieni habari ya kijiji kimoja. Río Negro kilikuwa kijiji cha Waachi, kando ya mto Chixoy. Serikali ilitaka kujenga bwawa la umeme, na fedha zilitoka Benki ya Dunia na benki ya maendeleo ya nchi za Amerika. Watu wa Río Negro waliambiwa wahame. Wakakataa kama Naboti: hapa ndipo walipo wazee wetu. Basi wakaitwa waasi. Ng'ambo kulikuwa na kijiji kingine, Xococ. Nao ni Waachi, lugha moja, na soko lao ndilo watu wa Río Negro walilozoea kuuzia mikeka yao. Jeshi liliwaandikisha wanaume wa Xococ katika ulinzi wa raia, kama lilivyowalazimisha wanaume mamia ya maelfu katika nchi nzima, likawapa silaha, likawaambia majirani zenu ni adui.

Mwezi wa Februari 1982 watu zaidi ya sabini wa Río Negro waliitwa Xococ, wakauawa huko. Tarehe 13 Machi, alfajiri, wanajeshi na walinzi wa Xococ walifika Río Negro. Wanaume walikuwa wamejificha porini, maana walifikiri wanaotafutwa ni wao tu. Wakawapandisha mlimani wanawake na watoto. Waliouawa huko juu ni wanawake 70 na watoto 107. Watoto 18 waliachwa hai, wakapelekwa Xococ kufanya kazi katika nyumba za wale waliowaua mama zao. Mwaka uliofuata maji yalijaa, yakafunika kijiji. Mwaka 1985 Benki ya Dunia ikaongeza mkopo mwingine kwa kazi ile.

Waliotia sahihi mkopo hawakupanda mlima ule. Pengine hawakuwahi kusikia jina la Xococ. Walioupanda walijua jina la kila mtoto.

Kanisa je? Baada ya miaka, Kanisa lilijifunza kukaa upande wa Naboti, na likalipa. Wamisionari wa Scheut, ambao wazee wetu wa Kasai na Kinshasa wanawajua vizuri, walimpoteza Padri Walter Voordeckers, Mbelgiji, aliyepigwa risasi tarehe 12 Mei 1980 katika parokia yake ya Santa Lucía Cotzumalguapa. Katika jimbo la Quiché mapadri waliuawa hata Askofu Juan Gerardi akalifunga jimbo mwaka 1980, na waamini wakabaki na makatekista wao. Mwaka 2021 Kanisa liliwatangaza wenye heri mapadri watatu na walei saba wa Quiché. Mmoja wao, Juan Barrera Méndez, alikuwa mtoto wa miaka 12.

Askofu Gerardi hakuchoka. Akiwa askofu msaidizi katika mji mkuu, alianzisha kazi ya kukusanya ushuhuda. Watu wa parokia walifundishwa, wakaenda nyumba kwa nyumba, milimani, wakauliza na kusikiliza, mara nyingi kwa lugha za Kimaya, kwa sababu machozi hayatafsiriki vizuri. Walipata shuhuda zaidi ya 5,000. Waliokuja kusema hawakuwa wajane tu. Walikuja pia waliokuwa walinzi, waliosema walichofanya kwa mikono yao. Tarehe 24 Aprili 1998 Gerardi alitoa kitabu hicho mbele ya watu katika kanisa kuu. Tarehe 26, usiku, aliuawa nyumbani kwake kwa kupondwa kichwa. Mwaka 2001 mahakama iliwahukumu wanajeshi watatu, na pamoja nao padri aliyeishi naye nyumba moja.

Mwezi wa Machi 1999 rais Clinton alifika Guatemala, akakiri kwamba Marekani ilikosa ilipoyasaidia majeshi yaliyotenda ukatili ule. Ni neno la kweli na alifanya vema kulisema. Lakini wanawake wa Sepur Zarco hawakulisubiri wala hawakutosheka nalo. Hao ni Wamaya wa Q'eqchi'. Waume zao walichukuliwa kwa kuwa waliomba hati za mashamba yao, kisha wao wenyewe wakafanywa watumwa katika kambi ya jeshi, kwa kupika, kufua, na lile ambalo akina mama wa huku kwetu hawahitaji nilieleze. Kumi na watano walishitaki, na mwaka 2016 wakaketi mahakamani wamefunika nyuso zao kwa shali. Mwanajeshi mkubwa na msaidizi wake mmoja wa kijijini, watu wawili, wakahukumiwa kifungo kirefu. Majirani wao wengine walikuwa wamewaita kwa majina ya aibu miaka zaidi ya thelathini.

Wapendwa, kila wiki mtu ananiambia ofisini: Padri, wageni ndio wanaotuua. Simkatalii. Madini yetu yanajulikana yanakoenda, na bunduki hazitengenezwi kijijini. Anayefuata haki na adai mpaka huko barua inakoandikiwa. Lakini mwaka jana, katika mtaa mmoja wa parokia hii, ilipita usiku karatasi yenye majina ya familia ambazo eti si watu wa hapa. Haikuwa katika lugha ya kigeni. Ilikuwa katika Kiswahili chetu, kwa mwandiko mzuri, na aliyeiandika alijua mlango wa kila nyumba, hata ule wa nyuma.

Ilipita mikononi mwa watu saba au wanane, wote wabatizwa. Wa mwisho alikuwa mama mmoja muuza ndagala. Aliambiwa aisome, kisha aipeleke kwa jirani. Asubuhi aliileta kwangu, ameifunga katika pindo la kitenge pamoja na fedha za soko. Akasema hasomi vizuri, lakini ameona humo jina la mtoto aliyemsimamia kwa ubatizo.