Ukoga Hausikii Mswaki: Mada juu ya Kuangaliwa na Kusafishwa Meno katika Mji wa Kale wa Mombasa



Mtu atokaye msikitini siku ya Ijumaa, akaishika Ndia Kuu na kuelekea upande wa Ngome ya Yesu, aghalabu atamkuta mzee aliyetandika kitambaa na kupanga juu yake vijiti vya mswaki vilivyofungwa mafungu mafungu. Na kwa kuwa ada hii tumeirithi kizazi baada ya kizazi, hata jina la kijiti likahamia kwenye burashi ya dukani, sikustaajabu nilipoombwa kuja kusema juu ya meno, sahibu zangu wawili wakacheka na kuniuliza watu wa Mvita wana haja gani ya kufundishwa usafi wa kinywa.

Swali lao ndilo mada yangu. Usafi tunao, wala sikuja kuukanusha. Ninalodai ni kwamba usafi huo umetuhadaa, tukadhani jino jeupe ni jino zima, tukamwachia tabibu wa meno kazi moja tu, ya kung'oa.

Marehemu babu yangu, mzee wa Kibokoni, alipiga mswaki kabla ya kila sala wala hakulala pasi na kusukutua, na meno yake yalimeta hata alipopindukia miaka hamsini. Lakini hajatimiza sitini yakaanza kumlegea moja baada ya jingine, hadi akawa kibogoyo. Mimi nilikuwa mtoto, akanipa moja nilichezee: gego zima, lisilo tundu wala weusi wa kuoza, ila shina lake, pale palipokuwa pamesitirika chini ya ufizi, limevikwa gamba la rangi ya kahawia, gumu kama chaza aliyeshika mwamba. Gamba lile ndilo ukoga.

Asili yake ni utando laini wa vijidudu ujijengao juu ya meno kila siku, nao ukiwahiwa na mswaki, wa mti au wa burashi, huondoka. Bali ukisalia mahali mswaki usipofika, hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini na ubavuni mwa magego ya juu, ambako ndiko mate yamwagikako, madini yaliyomo katika mate huugandisha kwa muda wa siku chache ukawa jiwe, na tangu hapo hausikii mswaki, wala mkaa, wala chumvi, na ndimu wanayoisifu baadhi ya watu hulila jino lenyewe. Ufizi huvimba na kutoka damu, kisha hurudi nyuma, na mfupa ulioshika jino ukalika pole pole. Na balaa la maradhi haya ni kwamba aghalabu hayaumi, ilhali sisi tumezoea kungoja maumivu yatutume kwa daktari. Uchunguzi wa afya ya kinywa uliofanywa nchini Kenya na kutolewa mwaka 2015 ulikuta ufizi utokao damu kwa zaidi ya watu wazima 9 katika kila 10.

Wala asidhani mtu kwamba kukwanguliwa ukoga ni bidaa ya Wazungu. Abul-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013, katika kitabu chake cha tiba kiitwacho al-Tasrif, alichora vyuma vya kukwangulia, kila kimoja na umbo lake kwa upande wake wa jino, akaeleza jinsi ya kumlaza mgonjwa kichwa kikiwa pajani mwa tabibu, na kwamba kazi isipotimia siku moja irudiwe siku nyingine. Chuma cha leo hutetema kwa umeme na kurusha maji. Maarifa ni yale yale.

Wako wanaohofu kwamba kusafishwa hulegeza meno na kuyaachia mianya. Hofu hii naielewa, kwani mianya huonekana kweli. Lakini mwenye nyumba ya mawe ya matumbawe, chumvi ikiisha kuula ukuta wake, akibandua chokaa iliyofura hakuuharibu ukuta, ameuona ulivyo.

Juu ya muda wa kurudi kwa tabibu wa meno, miezi sita ni ada zaidi kuliko sharia. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2004 uliwapa watu wazima nafasi ya kati ya miezi mitatu na miaka miwili, kwa kadiri ya hali ya kila mmoja, na watoto wasipitishe miezi kumi na miwili. Mwenye kisukari, mjamzito, mvuta sigara na mtafuna tambuu wasijipimie wenyewe muhula mrefu. Kwa watoto wetu, wenye mabuyu mekundu shavuni tangu chuoni mpaka magharibi, mwaka naona ni mwingi, maana si wingi wa sukari pekee udhuruo, bali kule kurudiwa rudiwa kwake bila jino kupumzika.

Kwa asiye na udhuru, napendekeza Shaabani na Mfunguo Tano, miezi iliyoachana kwa nusu mwaka. Shaabani nimeichagua makusudi, kwa sababu Ramadhani ikiingia wengi huahirisha wakihofia maji ya daktari kupita kooni. Kisha huja Idi na halua zake, na aliyeahirisha husahau mpaka jino limwamshe usiku.