Kutunza Sahani za Santuri

Somo letu la leo ni juu ya vumbi na sahani za santuri.

Itazameni sahani kwa karibu. Mtaona mfuo mwembamba uzungukao tangu ukingoni hata karibu na katikati. Sauti imo humo. Sindano hupita ndani ya mfuo na kutikisika, na mtikisiko huo ndio tuusikiao kuwa wimbo. Vumbi likiingia, sindano hulisaga humo kama mchanga. Mkwaruzo ukishaingia hautoki tena.

Basi fanyeni hivi. Kwanza, shikeni sahani kwa ukingo wake, kwa maana mafuta ya vidole hunasa vumbi. Pili, kabla ya kuipiga, ipanguseni kwa brashi laini na kavu. Fuateni mzunguko wa mfuo, msiukate. Tatu, ikiisha kupigwa, irudisheni katika mfuko wake, isimame wima, mbali na jua.

Sasa sikilizeni kwa makini. Sahani si za namna moja. Zile za zamani, zizungukazo mara 78 kwa dakika, nyingi zilitengenezwa kwa lakiri, utomvu wa wadudu wa India. Ni nzito, na zikianguka huvunjika. Sahani ndefu za vinili, zilizotokea mwaka 1948, hupindika kidogo bila kuvunjika.

Kwa nini tuzitofautishe? Kwa sababu spiriti huyeyusha lakiri. Dawa nyingi za kusafishia sahani za vinili zina spiriti ndani yake. Mtu akiipaka sahani ya lakiri dawa hiyo, hata kwa nia njema, ataiharibu sauti iliyomo.

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay pamoja na wenzake, wakatia nyimbo zao katika santuri. Siti alifariki mwaka 1950. Hawezi kuimba tena. Basi, ukiikuta sahani ya zamani katika sanduku la babu, usiitie spiriti. Ifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji safi, bila kuilowesha karatasi ya katikati, kisha uikaushe mara moja.

Maswali ya kuandika:

1. Vumbi huharibuje sahani?
2. Utaijuaje sahani ya lakiri?
3. Kwa nini isitiwe spiriti?

Kwaherini, ndugu wanafunzi, hadi somo lijalo.