Shina la kompyuta lisichezewe

Ndugu msikilizaji, anayetaka kujua maji ya Dar es Salaam yanatoka wapi na apande Milima ya Uluguru. Mto Ruvu huanzia huku. Mwaka 2008 misitu ya milima hii ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, kwa sababu chanzo kikiharibiwa juu, mabomba ya mbali ndiyo yanayokauka.

Kompyuta nayo ina chanzo chake. Katika mifumo ya Unix, iliyoanza kubuniwa Marekani mwaka 1969, na Linux iliyozaliwa mwaka 1991, mafaili yote hutoka kwenye shina moja liitwalo ruti. Hata ukichomeka diski nyingine, huungwa hapo kama tawi. Shinani ndimo zilimo programu za kuiwasha mashine, mipangilio yake na zana za kuitengeneza inapougua.

Sasa sikiliza. Ipo ofisi moja hapa mjini Morogoro, jina naliacha, ambako kila kitu kilirundikwa kwenye sehemu hiyo ya shina: barua, picha za harusi, na zile taarifa ambazo mashine hujiandikia usiku na mchana. Shina likajaa, kazi zikasimama. Wananchi tuliokuwa kwenye foleni tukaambiwa mtandao umekatika. Mtandao ulikuwa mzima. Nafasi ndiyo iliyokwisha.

Kinga yake si ghali. Kazi za watumiaji zitengewe sehemu yake, na taarifa za mashine sehemu yake. Moja ikifurika, shina litaendelea kupumua. Mfumo wa mafaili wa ext4, unaotumika sana katika Linux, kwa kawaida hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi mkuu, ili apate pa kufanyia kazi wengine wanapokwama.

Msimamizi huyo naye huitwa ruti. Anaweza kufuta chochote, shina lenyewe likiwemo. Kwa hiyo neno lake la siri lisibandikwe ukutani wala kugawiwa ofisi nzima kama funguo za choo. Na nakala za kumbukumbu ziwekwe nje ya mashine hiyo.

Mkulima akizuiwa kulima kwenye chanzo cha mto, huambiwa ni kwa faida ya wote. Wakubwa wa maofisi nao wajizuie, maana kumbukumbu zilizomo ni za wananchi.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.