Mikorosho kwenye Shamba la Kuazima: Hataza na Hatima ya Programu Huria

Katika desturi za pwani ya Afrika Mashariki, mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Ndiyo maana anayeazima shamba hulima mihogo, mbaazi au karanga bila maneno, ila akionekana anachimba mashimo ya mikorosho, mwenye shamba huja mbio. Muhogo ukishang'olewa umekwisha. Mkorosho utakuwepo hata wajukuu, na kila msimu ukizaa, swali la nani mwenye nini linazaa nao. Mhadhara huu unalichukua swali hilo na kuliingiza mahali ambapo mkulima wa Newala asingelitafuta: ndani ya kompyuta ya hospitali.

Hospitali ya Mkomaindo, mjini Masasi, hujaza vitabu vya takwimu za afya, MTUHA, kama hospitali nyingine za serikali. Jumla za mwezi huingizwa kwenye mfumo wa DHIS2. Toleo la kale la mfumo huo lilizaliwa Afrika Kusini baada ya uchaguzi wa 1994, likajengwa juu ya Microsoft Access. Lilitolewa bure, lakini bure yenye mkia: aliyelitaka alihitaji Access, na Access ilihitaji Windows. Chuo Kikuu cha Oslo kikaliandika upya kwa Java, na toleo jipya likaanza kutumika 2006. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa washirika wake wa muda mrefu. Kwa Java, waandishi wa mfumo huo waliondoka kwenye shamba la kampuni moja, Microsoft. Java nayo, hata hivyo, ilikuwa shamba la kampuni nyingine, Sun Microsystems.

Hapo ndipo hataza inapoingia. Hakimiliki hulinda maandishi: usinakili msimbo wa mwenzio, uko salama. Hataza hulinda mbinu. Mwandishi wa programu anaweza kukesha Dar es Salaam akiandika kila mstari kwa mkono wake, asinakili hata nukta, na bado akaambiwa Marekani kwamba njia aliyopita ina mwenyewe. Mwaka 2007 Microsoft ilidai kwamba programu huria, Linux ikiwemo, zilikuwa zimekiuka hataza zake 235. Orodha yenyewe haikutolewa. Ni sawa na mtu kutangaza mnadani kwamba miti 235 ya kijiji ni yake, kisha akakataa kuionyesha.

Kisa kilichowagawa zaidi watu wa programu huria ni cha Mono. Mwaka 2001 Miguel de Icaza, kijana kutoka Mexico, alianzisha kazi ya kuigiza jukwaa la kuundia programu la .NET la Microsoft ili lifanye kazi kwenye Linux. (Mono kwa Kihispania ni kima, na kima ni hodari wa kuigiza.) Lugha ya C# na kiini cha jukwaa hilo vilikwisha kukabidhiwa shirika la viwango la Ecma, lakini sehemu nyingine ambazo waandishi walizihitaji kila siku zilibaki nje ya kiwango hicho. Novemba 2006 Microsoft ikaahidiana na kampuni ya Novell, iliyokuwa ikiilea Mono, kutowashtaki wateja wa kila upande. Aliyeipata programu ileile kwa njia nyingine hakutajwa. Juni 2009 Richard Stallman, mwasisi wa harakati za programu huria, akaonya kwamba kuifanya C# kuwa tegemeo ni hatari; mwezi uliofuata Microsoft ikatoa ahadi ya maandishi ya kutoshtaki, kwa sehemu zilizomo kwenye kiwango tu.

Leo wapo wanaoucheka woga ule. Microsoft iliifungua .NET 2014 kwa leseni huru, ikaweka Mono chini ya leseni ya MIT 2016, ikaingiza hataza zaidi ya 60,000 kwenye muungano wa kuilinda Linux 2018, na 2024 ikaikabidhi Mono kwa mradi wa Wine. Ni kweli. Lakini anayecheka hasemi mti ungekuwa wa nani kama mwenye shamba angekufa kabla ya kuandika.

Sun ilikufa. Mwaka 2007 mkurugenzi wake, Jonathan Schwartz, aliwapongeza Google hadharani kwa Android, iliyotumia lugha ya Java. Mapema 2010 Oracle ikainunua Sun, na Agosti mwaka huohuo ikaipeleka Google mahakamani kwa hataza saba pamoja na hakimiliki. Pongezi za marehemu hazikuwazuia warithi. Mei 2012 baraza la wazee wa mahakama likasema hakuna hataza iliyokiukwa. Upande wa hakimiliki ukaburutwa hadi Aprili 2021, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoipa Google ushindi kwa kura sita dhidi ya mbili.

Je, Mkomaindo ina la kuhofia? Hataza haivuki mpaka yenyewe. Iliyosajiliwa Marekani haina nguvu Masasi mpaka isajiliwe BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania, au ipitie ARIPO, shirika la kikanda la miliki bunifu, kule Harare, na sheria ya hataza ya Tanzania ya 1987 haizitambui kanuni za kufanyia biashara wala za kufikiri kuwa uvumbuzi. Hatari ya kweli iko kwenye mizizi: mradi ukibanwa ng'ambo, matoleo mapya hukauka huku. Hivyo leseni isomwe. Ya DHIS2 ni ya BSD, fupi, na haitaji hataza popote. OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, 2006, iko chini ya leseni ya Mozilla, inayotoa ruhusa ya hataza kwa maandishi.

Tanzania yenyewe imekwisha kupanda mkorosho wa aina hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, juu ya msimbo uliofunguliwa na Sun. Oracle ilipourithi, waandishi wengi walijitenga Septemba 2010 na kuanzisha LibreOffice. Msimbo waliondoka nao wote, kwa kuwa leseni iliruhusu. Jina OpenOffice waliliomba, Oracle haikuwapa.